Fundi Aliyekataa Kioo cha Dirisha

Miaka kumi na mitatu tulifanya kazi tukitenganishwa na ukuta wa mabati, yeye na vioo vyake, mimi na cherehani yangu, na katika muda wote huo sikuwahi kumwona akinywa chai kwenye glasi. Alikuwa na kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Akikaribishwa mahali akaletewa glasi, aliishukuru nyumba, akaiweka chini karibu na mguu wa kiti, na hapo ilibaki mpaka chai ikapoa. Watu walidhani anaringa. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia, "Mayu, kioo nakishika kutwa nzima. Mdomo wangu nao upumzike."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kwetu hata msichana huitwa hivyo kwa heshima. Mimi sikuwa hata na miaka thelathini nilipohamia ule upande wa pili wa mabati, na yeye alishakuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. Bariadi nzima ilimwita Fundi Vioo. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, na nikilitaja watu watamtambua. Ndiyo maana silitaji.

Alikata vioo vya madirisha, alitia picha kwenye fremu, na aliweka vioo vya magari. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda, ingawa kwa miaka mingi magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika: la misheni, la serikali, malori ya ushirika yaliyokuja msimu wa pamba. Vidole vyake vilijaa makovu membamba meupe, kama mtu aliyeandikwa kwa penseli. Jioni, kabla ya kufunga, alifagia uwanja mara mbili, kisha akavua viatu na kuutembea wote pekupeku, taratibu, akiburuta nyayo.

"Kama kuna kipande kimebaki," alisema, "kinipate mimi kwanza, kisimpate mtoto wa mtu."

Mara nyingi kilimpata. Alikaa kwenye benchi, akakichomoa kwa sindano aliyoazima kwangu, akairudisha sindano imefutwa.

Nyumba yake mwenyewe haikuwa na kioo hata kimoja. Madirisha yalikuwa ya mbao, na mkewe alilalamika kwamba mume wa watu anawawekea wengine mwanga, yeye anapika gizani. Hilo halikumgusa. Alikuwa na ulimi mkali kwa wenye magari, hasa wale waliomwita "wewe fundi" bila kumsalimu kwanza, lakini mtu akileta picha ya marehemu ili itiwe fremu, ulimi ule ulilainika. Aliifuta picha kwa kitambaa, akaitazama, akauliza, "Huyu alikuwa anapenda nini?" Mwenye picha alijibu anavyoweza: alipenda ngoma, alipenda ng'ombe wake, alipenda ugomvi. Fundi alitikisa kichwa kana kwamba jibu lile lina kazi, ndipo akaanza kukata.

Alikuwa Mkristo wa kanisa la barabarani, hakosi Jumapili, ila haimbi. Alisimama na kitabu cha nyimbo kimefungwa kifuani. Na bado, dereva mmoja wa lori alipomletea kifurushi cha dawa ya mganga akitaka kifichwe chini ya mpira wa kioo cha mbele ili ajali zimkwepe, hakumfukuza. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipanga vizuri ndani ya mpira, akamaliza kazi. Kisha akasema, akimwita mwanaume kwa Kisukuma, "Dawa yako nimeiweka, ngosha. Sasa nenda ukaweke breki."

Neno alilolirudia zaidi ni hili: kioo hakina haraka. Maana yake nilikuja kuielewa siku aliyogombana na mwenye gari la abiria. Mtu yule alitaka kioo cha mbele cha haraka, akaona vioo vya madirisha vimesimama ukutani, akasema kikatwe kimojawapo. Fundi akakataa. Mwenye gari akamwambia kioo ni kioo. Basi Fundi akaingia ndani, akatoka na papai bivu, akaegemeza kipande cha kioo cha dirisha juu ya magunia, akalitupa papai kwa nguvu. Kioo kikapasuka visu virefu, na papai likakatwa vipande vinne. Akachukua kipande cha kioo kibovu cha lori, kile chenye nailoni katikati ya matabaka mawili, akatupa papai la pili. Kioo kikafanya utando wa nyufa, kikabaki kimeshikana. Papai lilipondeka, lakini lilikuwa zima.

"Papai ni uso wa mtu," akasema. "Mimi kioo cha dirisha kwenye gari siweki. Hata akija rais, siweki."

Watu tulicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Niliona kwa macho yangu yote mawili, na nataka ijulikane kwamba niliona.

Ndipo ikaja miaka ya soko huria. Ushirika uliokuwa mnunuzi wa pekee wa pamba ukapata wenzake, watu binafsi waliokuja na mizani yao, magunia yao na malori yao. Mji ukachangamka ghafla. Mitumba ikajaa sokoni, nikashona viraka kidogo na kupunguza nguo za Ulaya zaidi. Vioo vikaanza kufika kwa urahisi kutoka Mwanza. Kati ya wanunuzi wapya wa pamba alikuwepo kijana mmoja mwenye sauti ya chini na viatu visivyoshika vumbi. Alilinunua Mwanza, kwa mzungu aliyekuwa anamaliza mkataba wake, gari jekundu la michezo, refu kwa mbele, fupi kwa nyuma, la watu wawili, lisilo na paa. Watu wa Bariadi wakalibatiza Kipara.

Kipara lilikuwa gari la lami, nasi lami hatukuwa nayo. Lilipita likiinama na kuinuka kwenye mashimo, tumbo likikwaruza changarawe, na nyuma yake vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Turubai lake la kukunja lilikuwa limeoza, mnunuzi akaletwa kwangu nimshonee jingine. Nililikata kutoka kwenye turubai jipya la lori, nikalishona kwa uzi wa viatu. Akaja kujaribu. Siku hiyo mdogo wangu Kabula alikuwa ametoka kwetu Nassa kuniletea samaki, naye akaingia akiwa amejitwika beseni. Mnunuzi akaacha kulitazama turubai.

Kabula alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alicheka kwa urahisi na hakuogopa mtu. Ndani ya miezi minne wazee wa upande wa kijana walikuwa wamefika Nassa, ng'ombe wakakubaliwa, siku ya harusi ikatajwa. Mama yetu alikuwa mjane. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, watu walikuja kwetu wakisalimia kwa kusimama, si kwa kupita.

Siku tisa kabla ya harusi, lori la pamba lilirusha jiwe likapiga kioo cha mbele cha Kipara. Ufa ulianzia katikati ukaenda kila upande. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuutangazia mji mzima kwamba atatoka kanisani na bibi harusi ndani ya gari la wazi. Akaja kwa Fundi, safari hii akamsalimu vizuri.

Nitasema haki yake: Fundi alijaribu. Alipima fremu kwa karatasi ngumu ya boksi, akaibeba ile karatasi kwenye basi hadi Mwanza, akazunguka huko siku tatu. Kioo cha gari lile hakikuwepo, na wauzaji walimwambia hata Nairobi asisumbuke. Akarudi. Akachukua kioo cha lori lililokufa, chenye nailoni, akaanza kukikata. Alikikwaruza kwa almasi juu na chini, akakigonga ufa ukafuata mstari, akamwagia spiriti kwenye ufa na kuiwasha ili nailoni ilainike, kisha akapitisha wembe. Kilivunjikia kona ya mwisho. Akachukua cha pili, cha mwisho alichokuwa nacho. Kilikatika vizuri, lakini fremu ya Kipara ilikuwa na mpindo kidogo, na kile cha lori kilikuwa kinene na kimenyooka. Alipokikandamiza kukiingiza kwenye mpira, kikatoa mlio kama mfupa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi mnunuzi alisimama uwanjani kwetu akatazama fremu tupu. Hakumgombeza mtu. Aliniambia mimi, kwa ile sauti yake ya chini, "Shemeji, siwezi kumpandisha Kabula kwenye lori la pamba mbele ya watu. Kama ni hivyo, tuisogeze mbele harusi mpaka baada ya msimu."

Nilimwona mama yangu moyoni, na ndugu ambao walikwisha kufika. Mnunuzi alipoondoka nilizunguka ule ukuta wa mabati, nikapiga magoti mbele ya Fundi kama tunavyosalimia wakubwa. Nilipomaliza kusalimia sikuinuka.

"Inuka, mayu," akasema.

"Nimeona vioo vyembamba vya dirisha," nikasema. "Chembamba kinapinda."

"Unajua nisichofanya."

"Ni kutoka kanisani hadi ukumbini. Hata kilomita mbili hazifiki. Jumatatu utakitoa."

Aliutazama uwanja, akanitazama mimi na magoti yangu kwenye changarawe. Nadhani kama ningeinuka yeye angeshinda. Sikuinuka.

Alikifanyia kazi mchana kutwa. Kile chembamba kilipinda kweli, kikaingia kwenye mpira. Alipomaliza aliniita, akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sikiliza. Hiki kimekaa kwa kulazimishwa. Kigongwe kidogo tu, kitakuja ndani chote. Mwambie shemeji yako aende mwendo wa mguu. Jumatatu gari lirudi hapa, na lisiende popote kabla. Mwambie wewe, mimi wale watu siwajui. Na Kabula mwambie pia. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," nikasema.

Jioni mnunuzi akaja kulichukua gari, na wenzake watatu. Walikizunguka kioo, wakakipangusa kwa mikono ya mashati. Mnunuzi akasema mbele ya wote kwamba Mwanza nzima imeshindwa, Bariadi imeweza, na kwamba mikono ile ilipaswa kuwa Ulaya. Fundi alitabasamu. Nilimwona. Mnunuzi alikuwa na furaha, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumwagia maji furaha ile. Nikajiambia, nitamwambia kesho kanisani.

Kanisani palikuwa na watu. Nikasema, baada ya karamu. Baada ya karamu maharusi walikwenda kupumzika. Jumatatu ikafika, mnunuzi akaenda Maswa kwa kazi na lile lile gari, akarudi salama. Nikaona kioo bado kizima. Kikapita juma moja, likapita la pili, na nikaanza kuamini kwamba Fundi alikuwa anazidisha, kama mafundi wote wanavyozidisha. Aliponiuliza, "Mbona gari haliji?" nilimjibu, "Nimewaambia. Wana shughuli." Hayo ndiyo maneno niliyosema. Sijawahi kuyapata maneno mazuri zaidi ya kuyaeleza.

Juma la tano Kabula na mumewe walikwenda Mwamapalala, kwenye kituo chake cha kununulia pamba. Wakati wa kurudi, saa kumi alasiri, mtamba mmoja alikata barabara akiwafuata wenzake. Mume alikanyaga breki, gari likaserereka kwenye changarawe, ng'ombe akapanda juu ya boneti. Mume alivunjika mkono. Kabula aliingiwa na kioo chote usoni.

Hospitali ya Bariadi walimfunga vidonda, wakampeleka Mwanza. Alikaa huko miezi miwili na mimi kando ya kitanda. Macho yote mawili yalikwenda. Uso ulipona kwa namna yake, na vidole vyangu mpaka leo vinajua kila mshono.

Tuliporudi, mji ulikuwa umekwisha kuamua. Wapo waliosema Kabula amerogwa na mwanamke aliyetaka kuolewa na mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe alisema Fundi Vioo amemwekea kioo cha dirisha kwa siri. Fundi akaitwa ofisi ya kata, na watu wakajaa hadi nje. Nilikuwepo, nimesimama nyuma pamoja na wanawake wengine.

Mtendaji akamuuliza, "Ulijua ni kioo cha dirisha?"

"Nilijua."

"Ulimwambia mwenye gari?"

"Yeye sikumwambia."

"Ulimwambia nani?"

Fundi hakuangalia upande wangu hata kidogo, na kwa vile hakuangalia, nilijua anajua mahali niliposimama. Mtendaji akarudia swali. Fundi akasema, "Kazi ni yangu. Niandikeni mimi."

Wakamwandika. Alikaa mahabusu siku kadhaa, akaachiwa kwa sharti kwamba asifanye tena kazi ya vioo mjini. Sharti halikuwa na haja. Alipotoka alivitoa vioo vyote ukutani, akavivunja kimoja kimoja juu ya magunia, polepole, bila hasira niliyoweza kuiona. Nilikuwa upande wangu wa mabati, mguu juu ya cherehani, sishoni. Alipomaliza alifagia. Kesho yake yeye na mkewe walipakia vitu vyao wakahamia Ipililo, kwenye shamba la ukoo wa mke. Hakuja kuniaga.

Mnunuzi alikaa na Kabula msimu mmoja. Bei ya pamba ilipoanguka alikwenda Mwanza kutafuta shughuli nyingine, na hakurudi. Nilimleta Kabula kwangu. Sikuolewa. Nilipika, nikafua, nikamsomea Biblia, nikamtoa nje kuota jua. Watu walinisifu kwa hayo kwa miaka kumi na minne, na kila sifa niliimeza kama dawa chungu.

Kabula hakuwa mtu wa kulia. Alijifunza kubangua karanga, kusuka mikeka, kuwatambua watu kwa hatua. Lakini kila mwaka, siku za mavuno ya pamba, malori yalipopita, alisema neno lile lile: "Yule fundi, kama yuko hai, Mungu asimpe usingizi." Nami niliitikia, "Acha, Kabula." Mpaka mwaka mmoja akasema, "Mbona unamtetea?"

Mwezi huo nilisikia kutoka kwa mtu wa Maswa kwamba Fundi ni mgonjwa. Niliaga kwamba nakwenda kununua nyuzi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake Ipililo, mguu mmoja umevimba na kunyooshwa, anachambua pamba: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mkewe alikwisha kufariki. Alikuwa amepungua sana, shati limemning'inia. Nilipiga magoti.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikasema, yaani amani tu, ingawa haikuwa amani.

Nilimweleza yote. Kwamba ule ujumbe sikuufikisha. Kwamba nilimdanganya aliponiuliza. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza, akasema, "Nilijua tangu siku ile ya ajali. Mtu aliyeonywa hakimbizi gari namna ile."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, wewe dada mtu ungefukuzwa na ile familia ya mumewe. Yule binti angebaki na nani? Mtu wa kumwogesha angekuwa ni mimi?" Akaliweka fungu la pamba upande wa fifi. "Lakini usinifanye mtakatifu. Shemeji yako alipokuja kuchukua gari, nilikuwa nimesimama pale pale, hatua mbili. Nilikuwa na mdomo. Akaanza kunisifu mbele ya watu, Ulaya, sijui nini. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikaona nikisema ni kioo cha dirisha, yale maneno atayarudisha. Nikayaacha yakae kidogo. Hayo ndiyo yaliyonihamisha Bariadi. Wewe ulikuwa sehemu tu."

Kuku walipita kati yetu. Kisha akauliza, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Anamlaumu nani?"

"Wewe."

Alikung'uta nyuzi za pamba mapajani, akamwita mjukuu wake wa kike amletee fimbo na shati la kutokea. Nikamwambia mguu wake hauwezi safari. Akasema mguu ni wake. Kesho yake asubuhi tukapanda basi.

Kabula alikuwa mlangoni na ungo wa karanga. Aliinua kichwa kabla hatujafika.

"Umekuja na mtu," akasema. "Mgonjwa."

Nilitaka kujibu, Fundi akanitangulia. "Ni mimi, mayu. Yule wa vioo."

Mikono ya Kabula ikasimama. Hakupiga kelele. Fundi akajiegemeza ukutani, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Haya, sema." Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, kisha nimekaa chini, na nilipofika mahali pa "nimewaambia, wana shughuli" nilirudia mara mbili. Fundi naye akasema lake, la sifa na la kunyamaza. Hakulipunguza.

Vidole vya Kabula vilitafuta karanga moja, vikaibangua, vikaiweka mahali pake.

"Miaka kumi na minne namuuliza Mungu," akasema hatimaye. "Kumbe jibu lilikuwa humu humu ndani, linanipikia."

Nikamshika goti. Aliutoa mkono wangu taratibu, kama mtu anayeondoa kitu kilichomwangukia, akaniambia kwa Kisukuma, lugha ya mama yetu, nitoke. Fundi alipotaka kunifuata akamwambia, "Wewe kaa."

Nikaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia, upande wa nyuma. Nilisikia sauti zao na sikusikia maneno. Mara moja nilidhani nasikia Fundi analia, au pengine alikuwa anakohoa. Kivuli cha nyumba kilinifikia miguuni, kikanipita.

Alitoka akishika ukuta. Aliketi kando yangu kwa shida, akaomba maji, nikampa. Alikunywa yote.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema nije tena Jumapili, kama mguu utaniruhusu."

"Na mimi?"

Fundi aliweka chombo cha maji chini.

"Wewe, mayu," akasema, "hakukutaja."